Kistari Chini ya Jina la Vuai

Jaspal, fundi wa mashine ya skani hospitalini, alimwambia Mwanamwema akae kitako saa nzima, anywe maji, asizurure, aiache dawa ifanye kazi yake. Maskini Jaspal hakujua anamwambia nani. Mwanamwema ni kiguu na njia tangu alipojifunza kutembea, na sasa ana miaka hamsini na miwili. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kule Harrow, London, wenzake hukaa wakanywa chai, yeye huinywa amesimama huku akikunja mashuka. Leo kafungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye kiti kimoja cha kulalia na mlango mzito wa kuzuia mionzi, na mkono wake wa kulia bado unamwasha mahali alipodungwa sindano.

Akanyanyuka. Hatua nne mpaka ukutani, hatua nne kurudi.

"Tafadhali, mama, kaa chini," sauti ya Jaspal ikatoka kwenye spika. Kumbe na kamera imo.

Akakaa. Baada ya dakika mbili alikuwa tena wima, mkono umeshika mtandio.

Si skani iliyomnyanyua. Skani alishaelezwa, akaelewa. Shingoni mwake, upande wa kushoto, ana uvimbe kama kokwa ya tende ambao ameuficha chini ya mtandio miaka mitatu. Na kwa kuwa siku nyingine jasho linamtoka bila kazi na moyo unamwenda mbio bila kukimbizwa, madaktari wanaona huo wa shingoni una ndugu zake mahali pengine mwilini. Dawa aliyodungwa ina mionzi kidogo. Itazunguka na damu, ikikuta uvimbe wa aina hiyo, uwe kifuani, tumboni au juu ya figo, itajishika hapo, na mashine ikipiga picha uvimbe utang'aa. Vizuri. Wapige, waone, wakate. Mwili wake yeye hakuwa na ugomvi nao.

Kilichomnyanyua kitini ni maneno aliyoyasikia nusu saa kabla, chumba cha jirani, mbele ya Asad.

Asad ndiye mwanawe. Ana miaka ishirini na minne, ana digrii, na kwa sababu ambazo Mwanamwema hajawahi kuzielewa, hakutaka kazi ya ofisini. Yuko uwanja wa mpira wa Wembley, fundi wa spika na vipaza sauti, na siku za mechi hurudi nyumbani amechangamka kama aliyetoka harusini. Anapenda kelele. Hata kulala halali mpaka redio iwe inasema. Kiswahili anakisikia chote na hujibu kwa Kiingereza, isipokuwa labda akiwa na njaa.

Walikaa wawili mbele ya Gurpreet, muuguzi wa magonjwa ya kurithi, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba. Mezani ilikuwako ile karatasi waliyoichora pamoja mwezi wa tatu, mti wa ukoo, wanawake duara, wanaume mraba, waliokufa wamepigwa mstari wa kukata.

"Majibu ya damu yako yamerudi," Gurpreet alisema. "Jeni tuliyoishuku unayo. Na ina tabia ya ajabu hii jeni. Mtu akiirithi kwa baba, inaleta uvimbe. Akiirithi kwa mama, inalala tu, karibu siku zote. Wewe umeipata kwa baba yako. Lakini Asad, hata kama anayo, ameipata kwako. Kwa hiyo yeye hahitaji skani, hahitaji kufuatiliwa. Nilitaka mlisikie hili kabla ya kitu kingine chochote."

Asad aliruka kitini akambusu mama yake kipajini. "Umesikia, Mama? I'm fine!" Alikuwa hajalala vizuri kwa miezi miwili akiogopa siku hii, na sasa alikuwa anacheka peke yake.

Mwanamwema naye akatabasamu, maana uso wa mtu huzoea. Ndani alipoa mwili mzima.

Gurpreet hakuona. Alikuwa ameshaweka kalamu juu ya mraba mwingine, uliokatwa kwa mstari, wenye jina la Vuai. "Kaka yako, kwa dalili ulizonieleza, nina hakika alikuwa nayo pia. Bahati njema hakuacha watoto. Angeacha, leo hii tungekuwa tunawatafuta."

Chini ya mraba wa Vuai palikuwa na kistari kifupi kilichozibwa chini kwa kistari kingine. Mwezi wa tatu Gurpreet alieleza maana yake: mtu huyu hana kizazi. Mkono uliokichora ulikuwa wa Gurpreet. Maneno yalikuwa ya Mwanamwema.

Hatua nne, ukuta. Hatua nne, kiti.

Asad ni mtoto wa Vuai.

Kwao Pemba hili si jambo la kunong'onezwa. Mkewe Vuai, Haifa, alijifungua pale Wete akapoteza damu nyingi, akaenda zake siku ileile. Mwanamwema alikuwa ameachwa na mume kwa kutozaa. Arobaini ilipokwisha, Vuai akaja na kichanga ndani ya kanga, akamlaza dada yake mapajani. "Wako huyu," akasema, na mambo yakaishia hapo. Nani kwao hajalelewa na shangazi au bibi? Mtaa mzima ulijua, na mtoto angekua anajua vilevile, bila ya mtu kumkalisha kitako kumwambia. Lakini ikaja Januari ile ya maandamano na risasi, watu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, na Mwanamwema akakimbia na alichokuwa nacho mgongoni. Alipofika London, ofisa akamuuliza kupitia kwa mkalimani: huyu ni mwanao? Angejibu nini? Mtu anamlisha, anamwosha, anamlaza kifuani pake. Akajibu ndiyo. Ofisa akaandika. Kuanzia hapo kila ofisi ikanakili ya kwanza, shule, daktari, pasipoti, na lile ambalo Wete lilikuwa jambo la kawaida, huku likageuka siri. Wapemba wachache wa London wanaojua wamelifunika kwa sitara. Mwezi wa tatu, Gurpreet alipouliza "Una watoto wangapi?", Mwanamwema alijibu mmoja kabla hata ya kufikiri. Miaka ishirini na minne ulimi umesema hivyo.

Alimtaka ruhusa Vuai mara moja tu, kwa simu, Asad akiwa darasa la tatu. "Usimwambie," Vuai alisema. "Akijua atanililia mimi, na mimi sina nilichompa." Mwaka uliofuata Vuai alianguka akinyanyua gunia la karafuu, kichwa kikimuuma na jasho likimtiririka, hakuamka. Miaka thelathini na sita. Asad alimlilia vizuri, kama mtoto anavyomlilia mjomba anayetuma salamu kwenye simu.

Na kuna jambo jingine, dogo, na ndilo lililokuwa likimzungusha Mwanamwema chumbani kuliko yote. Zamani, wote wawili wakiwa bado Pemba, Vuai alimvuta dada yake kichwa akakibana kwenye sikio lake. "Sikiliza. Mna mtu mle ndani." Na kweli, alimsikia. Fyuu, fyuu, fyuu, kwenda na mapigo ya moyo, kama mtu anafagia uwanja wa jirani. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Vuai alikuwa halali bila redio kichwani.

Asad alipokuwa na miaka kumi na minne alikuja jikoni akasema sikio lake la kulia linapiga kelele, linamfuata moyo. Mwanamwema alikuwa anakuna nazi. Alimwambia ni hizo earphones, azipunguze sauti. Hakumvuta kichwa. Hakutaka kusikiliza.

Mlango ukafunguka. "Tayari," alisema Jaspal. "Umetembea karibu maili moja, unajua?"

Ndani ya mashine alitakiwa asitikisike kwa dakika ishirini na tano. Alifunga macho. Kitanda kikawa kinasogea kidogo kidogo ndani ya lile tundu. Miguu ikamtaka kukimbia, akaikatalia. Alijiuliza kama mle ndani yake sasa hivi vile vivimbe vimeshaanza kung'aa, vitatu, vinne, na akaona hajali. Laiti wangeweza kumtoa yeye hapa kitandani wakamlaza Asad, dawa ileile, mashine ileile, bila mtu kuuliza kwa nini.

Wazo hilo likamshika. Kwani lazima kuuliza kwa nini?

Alipotoka hakwenda kwa Asad moja kwa moja. Aligonga kwa Gurpreet.

"Nataka mwanangu apigwe hii skani," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini, ambacho hakina urembo lakini hakikosei. "Kwa usalama tu. Nitafurahi."

Gurpreet alivua miwani. "Naelewa. Lakini siwezi kumdunga kijana mionzi bila sababu, na daktari hatatia saini."

"Basi damu."

"Damu akitaka atapimwa. Ila hata tukikuta anayo jeni, jibu langu litakuwa lilelile. Ameipata kwa mama. Tutamwambia aende nyumbani." Gurpreet akamtazama kidogo. "Kuna kitu ungependa kuniambia? Humu ndani ni mambo ya matibabu tu. Hayaendi ofisi nyingine."

Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa. Maneno yalikuwa matatu tu, yamejipanga mdomoni. Mwanamwema aliogopa, na tuliseme kama lilivyo: hakuogopa polisi wala pasipoti, hayo ni ya kusingizia. Aliogopa siku ambayo Asad atamwita kwa jina jingine. Aliwapakata watoto wa watu wote, na mmoja tu ndiye aliyemwita Mama.

"Hakuna," akasema. "Ahsante sana."

"Mimi nipo mpaka saa kumi na moja," Gurpreet alisema.

Asad alikuwa anamngoja na chupa ya maji na mpango mzima wa mchana: wateremke Wembley, wale mishkaki, anunue halua, leo ni sikukuu. Njia nzima hadi stesheni ya Baker Street aliongea. Mwanamwema alikwenda mbio mbele yake kama anayefukuzwa, akapita watu, akakosa ngazi, akarudi.

"Mama, slow down. Nani anakukimbiza?"

Walipata viti kwenye treni ya Metropolitan, Asad kushoto kwake. Alikuwa anawatumia marafiki meseji, akicheka, na kila baada ya muda alikuwa anatia kidole sikio la kulia, anakibonyeza, anakitoa. Mwanamwema ameiona tabia hiyo miaka kumi, na leo kwa mara ya kwanza aliihesabu. Mara sita kabla ya Finchley Road.

Finchley Road treni ikasimama, milango ikafunguka, haikujifunga. Dereva akatangaza kuwa mbele taa ni nyekundu, wangoje. Kisha injini ikanyamaza na behewa zima likatulia, kila mtu na simu yake. Asad akakunja uso akanyoosha mkono kutafuta hedifoni zake mfukoni, haraka, kama mtu anayetafuta maji.

"Usizivae," Mwanamwema alisema.

"Kukiwa kimya ndo inakuwa mbaya," akajibu, na akajibu kwa Kiswahili.

"Hebu lete sikio."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Lete, nshakwambia."

Akacheka, akainama. Mwanamwema akausukuma mtandio nyuma, akabana sikio lake kwenye sikio la Asad, na mkono akauweka shavuni kwake, kama alivyokuwa akimpima homa. Mwanzo alisikia mapigo yake mwenyewe. Alizuia pumzi.

Fyuu. Fyuu. Fyuu.

Alikuwa yuleyule, na ufagio uleule.

"Shuka," akasema.

"Eh? Si kwetu hapa."

"Shuka, Asad!" Akamshika mkono akamvuta nje, na kijana akafuata. Milango ikajifunga nyuma yao. Palikuwa na benchi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwanamwema alikaa bila kuambiwa.

"Ule mti wameuchora vibaya," alisema. "Si wao. Mie ndo niliyewachoresha vibaya. Gurpreet alisema kaka yangu hakuacha mtoto. Kaacha. Mjomba wako Vuai si mjomba wako. Ndo baba yako. Aliyekuzaa anaitwa Haifa, alifariki siku uliyozaliwa. Na ile ngoma ya sikioni, yeye alikuwa nayo. Nilimsikia kwa sikio hili."

Asad alimtazama kana kwamba amebadilisha lugha. Treni ya upande wa pili ikaja, ikashusha, ikaondoka.

"And you?" akasema mwishowe. "Wewe ni nani?"

Hilo ndilo alilolikimbia tangu asubuhi, huku na huku ndani ya kile chumba, na sasa halikuwa na pa kupitia ila mdomoni mwake. "Kwa damu," Mwanamwema alisema, "mie ni shangazi yako."

Alingoja kelele. Asad hakupiga kelele. Alipozungumza, hakuulizia Pemba wala Haifa, wala nani mwingine anajua.

"Nilikuwa na miaka kumi na nne," alisema. "Nilikuja jikoni nikakwambia. Ukaniambia ni earphones."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa kujua."

"Miaka kumi, Mama!" Neno lilimtoka, akalisikia mwenyewe, akafunga mdomo. Treni ya Wembley iliingia. Asad akainuka akapanda. Mwanamwema alinyanyuka naye, kisha akajizuia, miguu yote miwili ikimwomba. Kupitia kioo alimwona amesimama na mgongo umemgeukia, hedifoni masikioni. Milango ikajifunga na treni ikamchukua.

Kwa kawaida yake angepanda inayofuata. Angempigia simu mara ishirini, angefika nyumbani kabla yake, angepika. Alitazama saa. Ilikuwa saa kumi na robo. Akavuka upande wa pili wa stesheni akapanda treni ya kurudi mjini.

Gurpreet alikuwa anavaa koti. Alipomwona mlangoni alilivua tena, akatoa karatasi mpya nyeupe.

"Hebu nipe kalamu," Mwanamwema alisema.

Alichora mwenyewe. Hakuwa hodari wa kuchora, duara la Haifa lilitoka kama yai. Aliweka mraba wa Vuai, akaukata kwa mstari wa kifo, akashusha mstari mrefu chini yake, na mwisho wa mstari akaweka mraba mdogo akauandika jina. Chini ya duara lake mwenyewe akachora kistari kifupi, na kistari kingine cha kukiziba. Akaeleza yote, mpaka lile la jikoni na nazi, na Gurpreet hakumkatiza hata mara moja.

"Yuko wapi sasa?" Gurpreet aliuliza.

"Sijui. Simu haishiki. Lakini wewe mwandikie barua, mwite. Mimi asiponisikiliza, barua yenu ataisoma. Niandike nini, nitie saini wapi?"

"Mama Mwanamwema, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa."

Mlango uligongwa, ukafunguliwa kabla ya jibu. Asad alikuwa anahema, shati limemgandia mgongoni, hedifoni zinaning'inia shingoni. Hakumtazama mama yake. Kiti kilichokuwa pembeni ya mama yake kilikuwa kitupu. Hakukikalia. Alichukua kile cha karibu na mlango, akakaa ukingoni, tayari kuondoka wakati wowote. Macho yake yakaenda kwenye karatasi, yakateremka taratibu kwenye ule mstari mrefu mpaka mwisho wake.

Gurpreet alingoja. Kisha akavuta fomu, kwa upole, na kuanza kazi yake. "Sikio lipi?"

"La kulia."

"Tangu lini?"

"Kumi na nne."

"Kelele kama hizi, mara chache sana, mtu mwingine naye huweza kuzisikia akikaribia," Gurpreet alisema. "Kuna mtu yeyote aliyewahi kuzisikia zako?"

Asad akasugua sikio kwa kiganja. Mwanamwema alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, na kwa mara moja katika umri wake, hakuna kiungo chake kilichotikisika.

"Mama," alisema Asad. "Leo."